Kalipa imekamata: nisafishe tu, nibadilishe mipira, au nifunge mpya?

Nati12: Wakuu, habari zenu. Kalipa ya gari yangu (kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski) imeanza kung'ang'ania na Jumamosi nataka kuifanyia kazi mwenyewe nyumbani. Njia ni tatu: kusafisha na kupaka grisi, kununua seti ya mipira niifumue yote, au kutupa na kufunga mpya. Ipi bora?

Msasa600: Ya mbele au ya nyuma? Rimu inachemka? Pedi zimeliwaje, ya ndani na ya nje? Hujataja dalili hata moja mkuu, unataka tupige ramli?

BoltiKavu: Mpya. Zote mbili, kushoto na kulia.

Mama Gia: @BoltiKavu kila uzi jibu lako "mpya". Mara nyingi kilichokufa ni pini ambazo kalipa inateleza juu yake, si pistoni inayosukuma pedi. Pedi ya ndani ikiisha kabla ya mwenzake, chomoa pini. Ukikuta kavu zenye kutu, piga msasa laini, paka grisi ya silikoni, rudisha.

Nati12: Samahani wakuu. Mbele kushoto, pistoni moja. Rimu haigusiki kwa moto, gari linavuta kushoto. Pedi zimeliwa sawasawa.

Fundi wa Uani: Kwenye grisi hapo ndipo nilipoumia mimi. Nilichota ile ya bearingi iliyobaki kwenye kopo, nikapaka pini zote. Siku za mwanzo raha tupu. Wiki chache mbele gari likawa zito, kama kuna mtu analishika nyuma. Kufungua, ile pini yenye kimpira nchani haitoki. Kimpira kimevimba kama kupe, kimejaa tundu lote. Nimezungusha na spana, nimegonga, mwisho pini imetoka na nusu ya mpira imebaki ndani. Nilichokonoa na bisibisi mpaka giza likaingia. Mipira ya breki haipatani na grisi za petroli. Hata kuiosha, usitumie petroli wala dizeli. Tumia mafuta ya breki yenyewe.

Msasa600: Pole. @Nati12, pedi zikiliwa sawa sidhani ni pini. Ni pistoni au hosipaipu inayoleta mafuta ya breki kwenye kalipa. Usinunue kitu bado. Inua gari, weka stendi (jeki peke yake usiiamini), mtu akanyage breki aachie. Gurudumu likikamata, legeza kidogo nipeli (ile ya kutolea upepo kwenye kalipa). Likiachia, hosi imeziba kwa ndani: mguu unasukuma mafuta yanapita, kurudi hayarudi.

BoltiKavu: Na akitaka kutoa pistoni? Upepo wa kompresa, sekunde mbili tu.

Mama Gia: Na vidole viwili. Ile kitu inaruka kama risasi. Atumie pedeli kabla hajafungua hosi, kipande cha mbao kikae mbele ya pistoni. Ila akikuta vishimo vya kutu pale mpira unapopita, nakubaliana nawe: mipira mipya juu ya vishimo itavuja tu.

BoltiKavu: Hatimaye! Akimaliza ajaze mafuta ya breki ya DOT 5.

Msasa600: Usimpoteze mwenzio. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na DOT 3 wala 4. Labda 5.1.

BoltiKavu: Namba kubwa ndiyo bora, si ndiyo?

Fundi wa Uani: Soma mfuniko wa tangi la mafuta ya breki, umeandikwa. Halafu yasidondokee bodi, yanababua rangi. Fenda yangu ina ramani mpaka leo.

Nati12: Nimelegeza nipeli. Mafuta yameruka kidogo, gurudumu limeachia, nalizungusha kwa mkono. Lakini nimefungua kalipa na raba ya vumbi imechanika. Sasa ni hosi au seti ya mipira?

BoltiKavu: Mpya.

Msasa600: Hosi kwanza. Na weka washa (viduara bapa vya kuzuia kuvuja) mpya za shaba kwenye bolti yake, zile za zamani usirudishe.

Mama Gia: Vyote viwili. Raba ikichanika maji yameshaingia, vuta pistoni uitazame. Hiyo kalipa umeifunga kwa waya kwenye springi, au inaning'inia kwenye hosi?

Nati12: Inaning'inia.