Bastola kiunoni, kwapani au kwenye mkoba? Nisaidieni kabla sijalipa

MzeeWaNafaka (Nakuru)
Habari za jioni wandugu. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi. Nanunua Kitale na Moi's Bridge, nauza kwa wasagaji wa unga hapa Nakuru. Wiki tatu zilizopita, nikienda kununua, pikipiki mbili zilinifuata kutoka Timboroa. Nikipunguza mwendo zinapunguza, nikiongeza zinaongeza. Nilijitupa ndani ya kituo cha mafuta Burnt Forest, nikakaa hapo saa nzima mikono ikitetemeka. Nimeamua kubeba bastola. Muuzaji ana mbili za bei inayokaribiana: Glock 19 na Ceska, ile CZ 75. Swali la pili ndilo linaloninyima usingizi: niibebe wapi? Kiunoni, kwapani, au kwenye mkoba wa pesa?

AfandeMstaafu (Kisumu)
Mzee, karibu. Lakini umeruka mambo yote ya msingi. Leseni unayo au unayo mdomoni tu? Unaendesha wewe mwenyewe au una dereva? Nyumbani kuna watoto? Unakunywa? Umewahi kufyatua hata risasi moja maishani? Jibu hayo kwanza. Bila majibu, kila utakachoambiwa hapa ni kubahatisha.

Fundi_Njoro
Glock 19. Usihangaike. Ikiwa tupu haifiki gramu 700, Ceska ya chuma ni karibu kilo moja nzima. Magazini ya Glock, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, inakula risasi 15. Haina sefti (kizuizi cha usalama) ya kusukuma na kidole, ukiitoa ni kulenga na kufyatua. Kwa mtu wa safari ndefu kama wewe uzito ndio kila kitu. Ibebe kiunoni, ndani ya suruali, upande wa kulia nyuma kidogo ya nyonga. Nunua mshipi mgumu wa ngozi, ukiwa mlegevu bastola italala na kitako kitajitokeza.

Wuod_Kano
Nyinyi watu wa magazini mnapenda hesabu. Nani atapigana na watu 15 barabarani? Mzee, tafuta rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka. Risasi tano au sita, triga (kifyatulio) nzito ambayo haifyatuki kwa bahati mbaya, hakuna kukoki, yaani kuvuta sehemu ya juu ili risasi iingie, hakuna kujiuliza kama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ina kitu. Ukivuta triga na risasi ikakataa, unavuta tena, inakuja nyingine. Marehemu baba yangu alibeba rivolva miaka yote aliyokuwa na duka Awasi na haikumsumbua hata siku moja.

Fundi_Njoro
@Wuod_Kano omera, na ukimaliza hizo tano gizani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Timboroa, utaingiza nyingine moja moja kama mtu anayepanda maharagwe?

Wuod_Kano
Nikimaliza tano na bado wapo, basi nilipaswa kuwa nimeshakimbia.

NyarAhero
Mzee wetu, pole kwa hofu uliyopitia. Mimi nina duka la dawa, nafunga saa tatu usiku, na nimebeba kwa miaka kadhaa sasa. Fundi amesema kiunoni nyuma ya nyonga. Amejaribu kuitoa akiwa amefunga mkanda wa gari? Hebu afanye hivi: bastola iwe tupu, akae kwenye kiti, afunge mkanda, avute. Mkono unagonga kiti, kiwiko kinagonga mlango, mkanda wenyewe umepita juu ya shati linaloifunika. Wewe ni mtu wa barabara. Hatari yako itakukuta umekaa, haitakukuta umesimama dukani. Ukibeba kiunoni, afadhali mbele, kushoto kidogo au kulia kidogo kwa kitovu, ndani ya ala ngumu iliyofunika triga kabisa. Hiyo ala si pambo. Bastola isiyo na sefti ya mkono, ikiwa ndani ya kitambaa laini, inaweza kufyatuliwa na kamba ya jaketi.

AfandeMstaafu
Asante dada, hilo la mkanda wa gari watu wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Mzee bado hajanijibu.

MzeeWaNafaka
Afande nisamehe, nilikuwa kwa mzani. Leseni bado. Nimepata cheti cha tabia njema (1,050 kwa eCitizen na alama za vidole), maombi nimepeleka, nasubiri kuitwa na Bodi ya Leseni za Silaha. Kufyatua, sijawahi. Gari ni Probox, naendesha mwenyewe. Pombe niliacha. Watoto nyumbani wapo, wa mwisho ana miaka 9.

AfandeMstaafu
Basi usilipe hata shilingi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikuruhusu kushika wala kununua kabla ya cheti cha silaha, na cheti chenyewe kinaandika ni silaha gani na risasi ngapi. Muuzaji anayekuharakisha ulipe sasa anakuuzia shida. Kumbuka pia Desemba 2018 wenye leseni wote waliamriwa wahakikiwe upya, na wako waliopoteza silaha zao hapo. Leseni si ya kudumu, unaihuisha kila mwaka, na tabia yako inaangaliwa tena.

La mtoto wa miaka 9: sefu ya chuma, imefungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, kabla silaha haijaingia nyumbani. Juu ya kabati si mahali. Chini ya godoro si mahali. Mtoto anajua kila kitu kilichofichwa ndani ya nyumba yenu, hata zile sukari guru.

Omwami_Kakamega
Ndugu yangu MzeeWaNafaka, nimesoma neno "mkoba wa pesa" nikaacha chakula. Soma hili hadi mwisho.

Nilikuwa na Ceska, leseni halali, nimefunzwa. Nilichoka na mshipi, jua la Kisumu linachoma, shati linalowa, bastola inakwaruza ubavu. Nikanunua mkoba wa begani, wa ngozi, una mfuko wa siri ndani. Nilijiona mjanja. Miezi kadhaa ikapita bila tatizo.

Jumapili moja nikapita soko la Kibuye kumnunulia binti yangu viatu vya shule. Mnajua Kibuye ya Jumapili, mtu anakanyaga mtu. Nimeinama kuangalia soli, nikahisi bega limekuwa jepesi. Jepesi tu. Kamba ilikatwa kwa wembe, safi, hata sikuvutwa. Nilipogeuka niliona migongo ya watu mia mbili.

Nilipiga ripoti saa hiyo hiyo. Nikapewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, halafu nikaketishwa kwenye benchi hadi usiku nikielezea jambo moja mara sita. Kwa nini uliingia sokoni na silaha? Kwa nini mkoba? Nani alijua? Umeiuza? Nilijibu, lakini jibu la kweli sikuwa nalo, kwa sababu lilikuwa uvivu wa kuvaa mshipi. Leseni ikasimamishwa. Nilikwenda na kurudi zaidi ya mwaka mmoja, biashara ikayumba, mke wangu akaanza kuniangalia kama mgonjwa.

Bastola ilipatikana. Siku nilipopigiwa simu nilifurahi kwa dakika moja. Kisha wakaniambia imepatikana kwa vijana walioingia duka la mtu, na mwenye duka amepigwa risasi ya mguu. Ile ya kwangu. Nambari ni ile ile niliyoikariri. Nilimtafuta yule baba, nikamkuta na magongo mawili. Alinipokea vizuri, na hilo ndilo lilinimaliza. Sikubeba tena na sitabeba.

Sikukatazi, Mzee. Nakuambia tu kwamba mkoba ndio kitu cha kwanza mwizi anachukua. Wewe unataka kuweka bastola ndani ya pesa.

NyarAhero
Pole sana Omwami. Nimelia. Wanawake tunauziwa mikoba yenye mfuko wa bastola kila siku, na tunaambiwa ndio staha. Mkoba unawekwa mezani, unaachwa kitini, mtoto anauchokora akitafuta peremende. Kitu kikae mwilini au kikae kwenye sefu.

Mwalimu_Bungoma
Samahani kuingilia. Nimesoma kote na hakuna aliyeuliza swali la kwanza: kwa nini unabeba pesa taslimu? M-Pesa tangu Agosti 2023 inakubali shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Zaidi ya hapo kuna benki kwa benki. Mzee, wale wa pikipiki hawakufuata Probox yako, walifuata noti. Ondoa noti.

MzeeWaNafaka
Mwalimu, hesabu yako ni ya mjini. Lori moja la magunia 300, hata kwa 3,500 kila gunia, ni zaidi ya milioni moja. Na mkulima wa Moi's Bridge hataki simu, anasema ada ya kutoa inamla na mtandao ukipotea lori linalala shambani. Ukimwonyesha noti anakupimia sasa hivi. Usipokuwa nazo, mwenzako anazo.

Mwalimu_Bungoma
Lipia ada yake. Ongeza juu ya bei. Ada hiyo ni ndogo kuliko risasi na sefu na mshipi na safari za Nairobi.

Wuod_Kano
Mwalimu anaongea kama hajawahi kununua gunia. Lakini hapo kwa ada ana pointi.

Bado nasema bastola ina kazi yake. Westgate, lile duka kubwa la Nairobi lililovamiwa na magaidi 21 Septemba 2013, raia Abdul Haji aliingia na bastola yake ya leseni baada ya kakake aliyekwama ndani kumtumia ujumbe, na watu wakatolewa wakiwa hai. Raia na silaha ndogo.

AfandeMstaafu
Yule ni jasiri na namheshimu. Lakini ukiwa na nguo za kiraia na bastola mkononi, polisi anayefika hajui wewe ni nani. Kama wenye sare wamefika: weka chini, mikono juu, tii. Usijieleze kwanza ukiwa umeishika.

Na jambo la sheria, Mzee, lishike. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinapima kujilinda kwa misingi ya sheria ya Kiingereza. Kwa lugha yetu: hatari iwe ya sasa hivi, na nguvu yako ilingane nayo. Pikipiki inayokufuata si hatari ya kufyatulia. Aliyenyakua pesa na kukupa mgongo, ukimpiga, wewe ndiye utakuwa kizimbani. Kule Timboroa ulifanya sawasawa kabisa: ulitafuta taa na watu. Na ungekuwa na bastola, ningetaka ufanye vivyo hivyo.

Fundi_Njoro
Turudi kwa silaha. Ibebwe na risasi ndani ya chemba au bila? Mimi nasema ndani. Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City kule Marekani, aliandika mwaka 1983 kwamba mtu mwenye kisu anakimbia mita 6 na kitu kwa sekunde 1.5 hivi. Hiyo sekunde na nusu ndiyo yako yote. Hakuna muda wa kukoki.

NyarAhero
Na kwa mtu ambaye hajawahi kufyatua? Mimi miaka miwili ya kwanza nilibeba chemba tupu, nikifanya mazoezi kila mwezi hadi mkono ukajua. Fundi, wewe unaongea na mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kidole nje ya triga kwanza. Mengine baadaye.

Fundi_Njoro
Basi hapo ndipo Ceska ina sifa, nakubali. Ile 75 ya sefti unaweza kuibeba imekokiwa na sefti juu. Lakini lazima ukumbuke kuishusha ukiwa na hofu.

MzeeWaNafaka
Ahsanteni. Kuna jambo sikulisema, nikiona haya. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa ngiri. Mshipi wa kubana siwezi kuvaa, daktari alikataza, navaa suruali ya lastiki au ya kamba za mabegani. Ndiyo maana niliuliza mkoba.

AfandeMstaafu
Mzee! Tumejadili mshipi tangu jana!

NyarAhero
Afande, usimkemee. Wanaume hawasemi ngiri. Mzee, pole. Basi bastola ya kiunoni mbele haikufai hata kidogo, inakaa juu ya kovu. Hapo nitafikiria ala ya kwapani, yenye kamba mabegani. Ukiwa umekaa kwenye gari mkono unaifikia vizuri. Lakini lazima uvae koti au jaketi daima, na ukiinamia gunia itaonekana. Pia mtutu unaelekea nyuma, kwa hiyo ukivuta unapita juu ya mtu aliyekaa pembeni. Nani hukaa kiti cha abiria?

MzeeWaNafaka
Kijana wangu mkubwa. Kila safari.

Wuod_Kano
Kwapani, mimi ningeweka rivolva. Nyepesi.

Fundi_Njoro
Rivolva tena.

AfandeMstaafu
Mzee, uzito unaoning'inia begani siku nzima, na wewe umeshonwa tumboni, ni swali la daktari. Muulize kabla ya kumuuliza muuzaji. Na kijana wako, je, anajua unapanga kubeba? Huyo ndiye atakayekuwa upande wa mtutu.

MzeeWaNafaka
Hajui. Nilitaka kumwambia silaha ikiwa tayari. Kliniki ni Alhamisi, nitauliza.

Omwami_Kakamega
Mwambie leo.

Mwalimu_Bungoma
Na mzee, siku ile ya Timboroa, nani mwingine alijua una pesa? Wale hawakuota. Nani anapanga lori? Nani hupiga simu shambani kwamba mnunuzi yuko njiani?

MzeeWaNafaka
Dalali. Ni mmoja tu, miaka minne sasa. Mwalimu, hilo sijawahi kulifikiria.

Wuod_Kano
Badilisha siku, badilisha barabara. Mara nyingine pitia Eldama Ravine.

Fundi_Njoro
Barabara ya Ravine usiku? Hapana.

MzeeWaNafaka
Sasa naona nina kazi kabla ya bastola. Lakini bado nitahitaji ala ya kwapani kama daktari atakubali. Kuna anayejua fundi wa ngozi hapa Nakuru anayeshona kwa kipimo? Na Mwalimu, ada ya kutoa 200,000 kwa ajenti, wanagawanya mara ngapi?