Mafuta ya mota na gia za gari la umeme: kipimo cha shaba kimetoka safi, lakini waya umekuwa mweusi. Naombeni ushauri

Mchanganyaji:
Wakuu salaam. Nimegonga mwamba. Tunaunda mafuta ya boksi ambalo gia na mota vinakaa pamoja: mafuta yanayolainisha meno ndiyo hayohayo yanayomwagikia nyaya za stata (sehemu ya mota isiyozunguka) kuzipoza.

Mimi nimetokea kwenye mafuta ya gia za kawaida. Huko ukitaka kulinda meno unaweka viongezi vya salfa na fosforasi, kazi imekwisha. Hapa nimeshusha mnato hadi sentistoki 4 kwenye nyuzi 100 ili yapoze vizuri na yasimalize betri bure, halafu nikaongeza salfa kidogo kufidia wepesi huo. Kipande cha shaba, saa 3 kwenye nyuzi 150, kikatoka 1b, yaani rangi imebadilika kidogo tu. Nikashangilia.

Sasa kwenye mota ya majaribio, pale enameli (ngozi ya kuhami waya) ilipochubuka, waya ulio juu ya usawa wa mafuta umekuwa mweusi tii. Uliozama una nafuu! Inakuwaje?

MzeeWaGia:
Kipimo hicho kimekupumbaza, mkuu. Kipande kimezama muda wote, na wewe unatazama rangi tu. Kuna salfa inayopanda na mvuke, ndiyo imekula waya wako huko juu.

Chukua nyaya mbili nyembamba za shaba, moja izame, nyingine ining'inie kwenye mvuke. Pitisha umeme kidogo na upime ukinzani kwa siku kadhaa mfululizo. Waya ukiliwa unakonda, ukinzani unapanda, nawe unapata kasi ya kuliwa. Rangi haikupi hiyo. Na usiuchukulie poa huo weusi. Ni salfaidi ya shaba, inapitisha umeme, ikijijenga kati ya ncha mbili utapata shoti.

BeringiKavu:
Hapo kwenye waya sina ubishi. Ila usikurupuke kutoa salfa yote. Mota ya umeme inatoa msokoto (nguvu ya kuzungusha) mkubwa gari likiwa ndiyo kwanza linaondoka, wakati utando wa mafuta kati ya meno haujakaa sawa, na wako ni mwembamba tayari. Tafuta salfa isiyo na pupa na shaba, fosforasi ibebe sehemu ya mzigo, kisha rudia kipimo cha FZG, kile cha mashine ya gia kinachoonyesha mafuta yanavyolinda meno.

Kibuyu:
Povu je? Mizunguko 15,000 kwa dakika si mchezo. Mafuta yaliyojaa hewa hayapozi.

Mchanganyaji:
Povu bado sijapima, nimekiri. MzeeWaGia, nyaya naanza nazo kesho. Jambo jingine: beringi moja imefanya mistari mistari kwenye njia ya gololi, kama bati la mgongo. Ni mafuta pia?

MzeeWaGia:
Huo ni umeme wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuendesha mota) unaoruka kupitia beringi. Wengi wakiona hivyo hukimbilia mafuta yasiyopitisha umeme kabisa, nayo huhifadhi chaji mpaka ipasuke cheche. Yakipitisha mno, umeme unavuja. Unatafuta katikati, na upime yakiwa ya moto na yameshachoka, maana yakiwa mapya na baridi yanakupa namba ya kupendeza tu.

BeringiKavu:
Na mwambie mwenye mota aweke brashi inayogusa shafti na kuutoa umeme wake kwenye boksi, usipite kwenye beringi. Hilo usibebe peke yako kwenye pipa la mafuta.