Oveni, mkaa au kwa fundi? Mtoto anapenda keki (Mwanza)

MamaG_Nyegezi
Habari za jioni wakuu. Binti yangu yuko darasa la sita na akili yote iko kwenye keki. Kwenye harusi hata bibi harusi hamwoni, anakodolea keki. Likizo ya Juni inakaribia na baba yake katoa laki mbili na nusu. Nipo njia panda: oveni ndogo ya umeme, kumpeleka kwa fundi wa keki likizo nzima, au aendelee na mkaa nyumbani na hela iende kwenye vifaa vya kupambia? Naomba tu msiniambie atafeli shule, hilo mama mkwe keshalisema.

Mwana_Bwiru
Nunua oveni yaishe. Mtoto na makaa ya moto wapi na wapi?

FundiKeki_Igoma
Mama G, naoka kwa kuuza, na kwangu oveni ingekuwa ya mwisho. Anza na mizani ya jikoni. Keki ya kujifunzia ni siagi gramu 250, sukari 250, unga 250, na mayai matano ambayo bila maganda yanakaribia uzito huohuo. Akizoea kupima kwa gramu, keki ya leo itafanana na ya wiki ijayo. Vikombe vinadanganya, kila nyumba ina chake.

Mkaa haumzuii kujifunza. Sufuria kubwa, mchanga chini, moto kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Nje lakini, siyo ndani mmefunga madirisha, moshi wa mkaa unaua. Kupalia ufanye wewe, yeye akoroge na asubiri. Na asifunue funue, keki itadidimia katikati.

Kupamba ndiko kunakotaka mkono uzoee. Mpigie krimu ya mafuta ya kuganda na sukari ya unga, akamulie maua juu ya sinia, akwangue, arudishe kwenye mfuko wa kukamulia, aanze upya. Krimu hiyohiyo anaifanyia mazoezi jioni nzima bila kuoka chochote. Wazazi wengi wanachoma hela kwenye unga na mayai wakati mtoto anachotaka ni kushika nozo, kile kidomo cha mfuko wa krimu.

LUKU_Mabatini
Hesabu ya oveni: wati 1,500 ikiwaka saa nzima ni uniti moja na nusu. Mara mbili kwa wiki, uniti kama 12 kwa mwezi. Siyo nyingi, ila kama uko kwenye bei ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, angalia isikuvushe.

Sato_Kirumba
Mmesahau jambo kubwa la mji huu: FRIJI. Krimu inavuta harufu. Ukiiweka pamoja na sato wa jana, wageni watakula keki ya samaki. Iwe na chombo chake chenye mfuniko.

MamaG_Nyegezi
😂😂 Sato umenimaliza, friji langu nusu ni dagaa. Fundi, yeye anataka fondanti, ile sukari laini ya kufinyanga, awe anatengeneza wanasesere.

FundiKeki_Igoma
Mnunulie kidogo afinyange kama udongo, watoto wanafurahi. Ila isiingie friji, ikitoka inatoka jasho na rangi zinachuja. Batakrimu ya siagi tupu nayo inalegea kwa joto, na jikoni kwetu mchana hakuna mchezo. Apambe asubuhi au jioni. Whipi, krimu ya kupiga mpaka iumuke, ni laini na haina sukari kali, ila inataka baridi muda wote.

Nansio_Kwetu
Nathibitisha hilo la whipi. Niliipandisha melini kuja Ukerewe, ikafika imelala. Mlio Sengerema mna raha, daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko.

ShangaziPasiansi
Kuhusu kwa fundi, uliza kwanza atafanya nini huko. Binti wa mdogo wangu alipelekwa kwa mmoja, likizo yote akaosha mabakuli na kutumwa mayai. Na chuo cha ufundi VETA bado sana, amalize la saba kwanza.

FundiKeki_Igoma
Shangazi, vyombo ataosha, hata mimi naosha. Ila mkubaliane: asubuhi tu, na kila akija ashike mfuko wa krimu hata kwa robo saa. Fundi akikataa hilo, tafuta mwingine.

Mwana_Bwiru
Basi aanze kuuza kabisa, vikeki vya mia tano shuleni.

ShangaziPasiansi
Wewe Bwiru! Mwache mtoto acheze kwanza. Ukimpa oda leo, kesho atakuwa anakwepa jiko.

MamaG_Nyegezi
Asanteni sana. Tumekaa na baba yake: mizani, nozo na miksa ya mkono, inayobaki ni ya asubuhi za kwa fundi. Oveni Desemba, kama bado anapenda. Mizani nzuri nitaijuaje?

LUKU_Mabatini
Nenda dukani na pakiti ya chumvi ya nusu kilo ambayo haijafunguliwa. Iweke juu kabla hujalipa. Ikisoma mbali na 500, irudishe kwenye kabati lao.