Naomba ushauri: msaidizi wa akili mnemba kwenye Instagram ya biashara

Habari zenu wakuu. Nauza madera na vitenge Kariakoo, na oda nyingi zinaingia DM ya Instagram. Usiku nikilala wateja wananipita, ndiyo nikatafuta msaidizi wa akili mnemba anijibie bei, saizi na usafiri wa mikoani.

Akaunti nimeshaigeuza ya biashara, na kwenye mipangilio nimeruhusu programu za nje zisome meseji. Programu ya kwanza (jina naliweka kapuni) ilitaka niandike nywila yangu humo humo, badala ya kunipeleka Instagram kwenyewe nitoe ruhusa. Nikaikimbia. Ya pili imeunganika vizuri, ila juzi saa saba usiku dada mmoja wa Mbeya kauliza dera la pamba, ikamjibu: "Lipo dada, 15,000 tu, nikufungie mangapi?" Dera lenyewe ni 25,000, na liliisha wiki iliyopita! Asubuhi nilimwomba radhi hadi aibu.

Bei zote nilishaiandikia kwenye maelekezo yake. Shida mzigo unabadilika kila siku, na mimi si mtu wa kompyuta.

Waliowahi kutumia: nifanyeje ijibu kutoka kwenye orodha yangu tu, na isipojua iniachie mteja mwenyewe? Pili, nikiamua kuachana nayo, kuifuta kwenye simu kunatosha au lazima nikaondoe na ile ruhusa kule Instagram?

Natanguliza shukrani.