Kikono cha gia kimekatika porini, mtandao hakuna: unaanza na lipi?

Mpanda Vilima:
Wakuu, habari za jioni. Juzi nikiwa peke yangu na baiskeli kwenye njia ya vumbi, kijiti kiliingia kwenye spoki za nyuma kikakivuta kile kikono cha kubadilishia gia. Kipande kinachokishika kwenye fremu kikakatika, cheni ikabaki inaning'inia. Pancha naziba, breki nafunga, ila hapa niliduwaa. Simu haikuwa na mtandao hata kidogo. Nikasukuma mpaka giza likaingia, ndipo pikapu moja ikanibeba. Ikitokea tena nianze na nini: nitengeneze, nisukume, au ningoje gari?

Fundi Kimya:
Pole sana mkuu. Kwanza angalia jua na maji uliyonayo, ndipo uguse spana. Kama muda upo, tengeneza, ila usihangaike ipone. Ikizunguka tu inatosha.

Kitoe hicho kikono, waya wake ufunge kwenye fremu usije ukanasa kwenye spoki. Kata cheni kwa kikatia, kile kifaa kidogo cha kusukuma pini za viungo, halafu ipitishe moja kwa moja kutoka gia ya mbele hadi ya nyuma. Chagua gia mbili zinazoifanya ipite imenyooka. Ikikaa mshazari itahama tu. Ifupishe hadi ukiibonyeza kwa kidole icheze kama sentimita moja. Wakati wa kukata, pini usiitoe yote. Iache imeng'ata bati la nje, maana ikidondoka kuirudisha vumbini ni kazi ya kukutoa machozi. Ukiwa na kiungo cha akiba cha kufunga kwa mkono, hapo toa pini bila wasiwasi.

Ukishaunga, kanyaga kistaarabu. Ukilazimisha, cheni inaparamia gia kubwa ya jirani, inakaza mpaka gurudumu linagoma. Kilima kikali shuka usukume. Na baiskeli yenye springi nyuma usiifanyie hivi: kila ikibonyea, umbali kati ya gia ya mbele na ya nyuma unabadilika.

Huna kikatia cheni? Ifunge cheni kwenye fremu isikusumbue, ukipata mteremko panda uteremke nao. Breki si zipo?

Tandiko Gumu:
Naongezea upande wa simu. Kusoma mahali ulipo hakuhitaji mtandao, simu inapokea kutoka kwenye setilaiti. Soma namba za mahali ulipo (latitudo na longitudo), tarakimu nne baada ya nukta zinatosha kukuonyesha ndani ya mita kumi na kitu. Ziandike kwenye ujumbe mfupi mapema: uko wapi, umeumia au hujaumia, unaelekea upande gani. Ukipanda penye mwinuko utume. Ujumbe unapenya pale ambapo maongezi yanakatika. Ukiwa na dharura ya kweli piga 112 hata kama mtandao wako haupo, kwa sababu simu inaweza kupitia mtandao mwingine wowote inaoukuta. Bila mnara wowote hata hiyo haitoki.

Njia Panda:
Kuhusu gari: usisimame kwenye kona. Simama penye barabara iliyonyooka, dereva akuone toka mbali na apate pa kuegesha. Pindua baiskeli, magurudumu juu. Hapo huna haja ya kueleza sana. Gurudumu la mbele uwe umeshalitoa, aone mzigo ni mdogo. Akisema hana nafasi, mwombe awapigie simu watu wako atakapofika penye mtandao, mpe namba yao kwenye karatasi. Wengi wanaokataa kubeba hawakatai hilo.

Mpanda Vilima:
Shukrani wakuu. Fundi, kikatia kile kidogo cha kwenye spana za kukunja kinafaa?

Fundi Kimya:
Kinafaa, ila kijaribu nyumbani kwenye cheni mbovu. Cheni ya gia 11 ni nyembamba kuliko ya gia 8, na kiungo cha akiba nacho lazima kiwe cha saizi hiyohiyo. Kifunge kwa utepe chini ya tandiko, kwenye mkoba utakisahau.