Metformini ya PCOS na sukari kushuka: dozi ipunguzwe au chakula kibadilishwe?

nyota_asubuhi:
Habari zenu wapendwa. Naomba ufafanuzi kwa wenye uelewa. Mgonjwa ana PCOS (tatizo la homoni kwa wanawake linalovuruga hedhi na ovari), hana kisukari. Kaandikiwa metformini 500 mg asubuhi na jioni. Yakipita masaa 3 hivi baada ya kifungua kinywa cha mkate mweupe na chai yenye sukari anatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio na njaa inauma. Akila anatulia. Akiamka, kabla ya kula chochote, yuko sawa kabisa. Je, ni dawa inayomshusha? Apunguze dozi au aache?

mfamasia_zamu:
Asiache. Metformini ikiwa peke yake ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi, kwa sababu hailazimishi kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari. Inazuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na inausaidia mwili kuitikia insulini iliyopo.

Angalia muda wenyewe: asubuhi tumbo likiwa tupu yuko salama, anashuka saa chache baada ya wanga mwepesi. Wengi wenye PCOS wana usugu wa insulini (mwili hauiitikii vizuri), kwa hiyo kongosho hutoa nyingi kuliko kawaida. Sukari ya mkate na chai huingia kwa kasi na kuisha kwa kasi, lakini insulini bado imejaa kwenye damu. Hapo ndipo mtetemeko unapoanza.

Jambo moja lihakikishwe leo hii: someni pakiti ya dawa, majina yote. Kuna vidonge vyenye metformini pamoja na glibenklamidi au glimepiridi ndani yake. Hizo ndizo zinazosukuma kongosho, na si dawa za PCOS. Mtu aliyepewa na ndugu mwenye kisukari "ajaribu" yuko hatarini: glibenklamidi hukaa mwilini, sukari hupanda akinywa juisi kisha hushuka tena baadaye. Huyo apelekwe hospitali hata kama ameshapata nafuu. Pombe bila chakula na mazoezi mazito tumbo tupu navyo humshusha anayetumia metformini.

muuguzi_wa_wodi:
Naongezea: msibadilishe chochote kabla ya kupima wakati dalili zipo. Kipimo cha asubuhi kwa mtu huyu hakitaonyesha kitu.

Anawe mikono kwa maji na sabuni, akauke vizuri. Kidole kilichomenya tunda kinaweza kutoa namba ya juu ya uongo. Achome pembeni mwa ncha ya kidole, asikikamue kwa nguvu. Aandike namba, saa aliyokula, alichokula na saa aliyomeza dawa. Chini ya 3.0 mmol/L (54 mg/dL) ni kushuka kweli. Kati ya 3.0 na 3.9 ni eneo la mashaka, maana hata watu wazima wa afya hufika huko mara nyingine, na vipimo vya nyumbani navyo hukosea kidogo. Daktari atataka vitu vitatu vikutane: dalili, namba ya chini, na nafuu sukari ikipanda.

Akiwa chini ya 3.9 na anatetemeka: gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vijiko 3 vya chai vilivyojaa kwenye nusu glasi ya maji, au juisi ml 150. Asubiri dakika 15, apime tena, arudie kama bado. Chokoleti haifai hapa, mafuta yake yanachelewesha sukari. Wala asimalize chupa nzima ya soda: sukari nyingi kwa mpigo inaita insulini nyingine na atashuka tena. Akishatulia, ale kitu chenye protini.

Akizimia, asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

nyota_asubuhi:
Asante sana dada. Na kama kipimo kikisoma 4.6 huku anatetemeka?

muuguzi_wa_wodi:
Basi sukari haijashuka wakati huo. Ale kawaida, halafu sababu nyingine zitafutwe: upungufu wa damu, tezi ya shingo, wasiwasi. Kama anatumia pia spironolaktoni kwa ajili ya nywele za usoni, dawa hiyo huweza kushusha presha, kwa hiyo apimwe presha akiwa amekaa kisha amesimama.

mlo_na_homoni:
Upande wa chakula ndiko kwenye faida kubwa. Mkate mweupe na chai tamu vibadilishwe: mayai au maharage kwanza, wanga wa nafaka isiyokobolewa kiasi cha ngumi moja, chai bila sukari. Protini na nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia, hivyo insulini nayo hairuki juu.

Metformini imezwe katikati ya mlo au mara baada ya kula. Wengi huimeza tumbo tupu, kichefuchefu kinawakata hamu ya kula, wanaruka mlo, kisha dawa inalaumiwa. Dozi hupandishwa polepole, ikiongezwa 500 mg kila wiki, kwa maelekezo ya daktari. Ile ya kutoa dawa taratibu husumbua tumbo kidogo zaidi, ila isivunjwe wala kusagwa. Akitapika au kuharisha hadi kukaukiwa maji, asimamishe na ampigie daktari siku hiyohiyo, kwa sababu figo zikikosa maji hushindwa kuitoa dawa mwilini. Akitumia kwa miaka, apimwe vitamini B12. Ikipungua huleta uchovu na ganzi za miguu.