Mrejesho: Kompyuta za Windows 7 za duka la kupiga chapa, Lamu

Assalaam alaykum. Niliuliza hapa namna ya kuzilinda kompyuta za duka letu la kupiga chapa, Langoni, ambazo zinatumia Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuutolea masasisho ya kawaida ya usalama Januari 14, 2020. Nawashukuru nyote, hasa ndugu aliyesisitiza nianze na SMBv1, itifaki kongwe ya kushirikiana mafaili ambayo WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipitia kasoro yake Mei 2017, ilhali MS17-010, kiraka cha Microsoft cha kuziba kasoro hiyo, kilikuwa kimetoka tangu Machi.

Kiraka nilikikuta kwenye mashine zote isipokuwa ya kaunta, ambako ndiko kila mteja huchomeka flashi yake. Nimekiweka, kisha nikaizima SMBv1 kote. Hapo hapo mashine ya fotokopi ikakataa kutuma nyaraka zilizoskaniwa kwenye folda ya pamoja, kwa kuwa haijui itifaki nyingine, na sasisho la programu yake sikulipata. SMBv1 sijairudisha, tunaskani kwenye flashi, na vijana wa kazi wananung'unika, wala siwalaumu.

Ushauri wa kuhamia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, nimeufuata nusu. Kompyuta ya kuingilia intaneti, niliyoiwekea Linux, inakwenda vizuri, lakini barua za Word zikifunguliwa kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia inayotumika kwenye Linux, majedwali husogea, jambo ambalo mteja wa chapa hakubali, kwa hiyo mashine za Windows zimebaki, zikiwa zimekatwa intaneti. Nakala rudufu zipo kwenye diski ya nje, nayo huchomolewa kila jioni. Mwenye njia ya kuiwezesha fotokopi kongwe kutuma nyaraka bila SMBv1, bado namsubiri.